Panado, brufeni au diklo: dawa ya maumivu wakati virusi vimetanda

"Dada, naomba ya homa na viungo." Mteja hasemi zaidi na muuzaji haulizi zaidi. Anafungua kopo, anahesabu vidonge, anavitia kwenye bahasha ndogo ya kaki, anaandika 1x3 kwa kalamu, wameachana. Ndani ya bahasha hiyo mara nyingi mna dawa mbili: parasetamoli, na pembeni yake diklofenaki au ibuprofeni. Siku za kawaida mtu humeza zote, akalala, akaamka mzima. Virusi vikitanda mtaani ndipo tofauti ya vidonge hivyo huanza kuwa na maana.

Wengi tuliisikia tofauti hiyo kwa mara ya kwanza Machi 2020. Tarehe 14, Olivier Véran, Waziri wa Afya wa Ufaransa, aliandika mtandaoni kwamba dawa za kupunguza uvimbe kama ibuprofeni na kotizoni huenda zikamzidishia hali mgonjwa wa UVIKO-19. Mwenye homa atumie parasetamoli. Tarehe 17 msemaji wa Shirika la Afya Duniani (WHO) naye akashauri parasetamoli wakati wataalamu wakichunguza. Tarehe 18 WHO ikatangaza kwamba haipendekezi watu waache ibuprofeni. Ujumbe wa kwanza ulizunguka kwenye kila kundi la WhatsApp nililokuwemo. Wa tatu sikumwona mtu aliyeusambaza. Mama yangu mkubwa, ambaye magoti yake yanakwenda kwa brufeni, alimwaga kopo zima chooni na kwa wiki mbili hakuweza kushuka ngazi za nyumba yake.

Hofu ile haikutoka hewani. Barua iliyochapishwa siku chache kabla katika jarida la kitabibu ilidhani kwamba ibuprofeni huongeza ACE2, kile kipokezi ambacho virusi vya korona hukitumia kama mlango wa kuingilia kwenye seli. Ilikuwa dhana tu, hakuna wagonjwa waliohesabiwa. Tena mamlaka ya dawa ya Ufaransa ilikuwa imeshaonya Aprili 2019, kabla korona haijasikika, kwamba ibuprofeni na ketoprofeni zinaweza kuzidisha baadhi ya maambukizi ya bakteria.

Wagonjwa walipokuja kuhesabiwa, dhana haikusimama. Denmark ilifuatilia watu 9,236 waliopimwa na kukutwa na virusi. 248 kati yao walikuwa wametumia dawa za jamii ya ibuprofeni, na hawakufa wala kulazwa kuliko wenzao. Uingereza iliangalia wagonjwa 72,179 waliolazwa, wakiwemo 4,211 waliokuwa wakizitumia kabla ya kulazwa. Jibu lilikuwa lilelile.

Basi mbona naandika? Kwa sababu swali la Ufaransa lilikuwa moja (je, brufeni huipa korona nguvu?) na la kwetu ni mawili mengine: homa hii ni ya kirusi kipi, na mwili huu ulikuwa na nini kabla homa haijaja?

Tutapima kwa lipi

Kila dawa nitaipitisha kwenye maswali manne yaleyale: inafanya nini, ina uhusiano gani na virusi, inadhuru wapi, na inamfaa nani. Lakini mambo mawili yaeleweke kwanza, maana ndiyo yanayobeba mengine yote.

La kwanza ni figo. Mwili ukivamiwa hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini. Ndizo zinazopandisha joto na kufanya kiungo kivimbe na kuuma. Ibuprofeni, diklofenaki na aspirini huzuia utengenezaji wake. Shida ni kwamba prostaglandini zina kazi nyingine pia: hulinda ukuta wa tumbo dhidi ya asidi, na hupanua mishipa inayopeleka damu kwenye figo. Mtu aliyekula vizuri na mwenye maji mwilini hata hatambui zikipungua. Ila mtu aliyelala na homa siku tatu, jasho linamtiririka, chakula hakipiti, pengine anaharisha, figo zake zinaishi kwa prostaglandini hizo. Kidonge ambacho wiki iliyopita hakikumfanya lolote, leo kinaweza kuzifunga. Na kama anameza dawa za presha kama enalapril au losartan pamoja na ya kukojoza kama furosemide, hatari inazidi.

La pili ni jina la homa. Pwani yetu, homa na viungo kuuma si UVIKO peke yake. Kuna mafua makali, kuna malaria (ambayo si kirusi lakini huja na dalili zilezile), kuna dengi, kuna chikungunya. Dar es Salaam ilipata mlipuko wa dengi mwaka 2014 na mwingine 2019. Wazee waliiita kidingapopo, na wapo wanaosema hata jina la Kizungu la ugonjwa huu lilichotwa kwetu. Chikungunya haina ubishi: jina lake ni la Kimakonde, linahusu kujikunja, na ugonjwa wenyewe ulitambuliwa mara ya kwanza kwenye nyanda za Makonde, kusini mwa Tanganyika, katika mlipuko wa 1952 hadi 1953. Ukimwona mgonjwa wake akijaribu kuinuka kitandani huhitaji kutafsiriwa.

Dengi ndiyo inayobadilisha hesabu yote. Hushusha chembe sahani, zile zinazoziba damu isivuje, na hulegeza mishipa midogo. Dawa yoyote inayozidi kuzidhoofisha chembe hizo ni kumsukuma mtu aliyekwisha simama ukingoni. Kwa hiyo katika mji wenye virusi viwili au vitatu kwa pamoja, mtu anaweza kuchagua dawa isiyo na tatizo kwa korona, kumbe anachougua siyo korona.

Parasetamoli (panado)

*Inachofanya.* Hushusha homa na kutuliza maumivu ya kichwa na mwili. Kwa uvimbe wa kiungo ni dhaifu, na wenye magoti au baridi yabisi wanalijua hilo bila kuambiwa.

*Kuhusu virusi.* Haina ugomvi na UVIKO, mafua, chikungunya wala dengi. Ndiyo dawa ya homa inayoshauriwa kwa dengi.

*Inapodhuru.* Ini. Mtu mzima haruhusiwi kupita gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, na mwenye mwili mdogo au anayekunywa pombe sana anatakiwa kubaki chini ya hapo. Wanaozidisha mara nyingi hawajui kama wamezidisha. Mtu anameza panado mbili, anakunywa dawa ya mafua ya unga, usiku anaongeza kidonge cha "mafua na kikohozi", na vyote vitatu vina parasetamoli ndani. Ubaya mwingine ni kwamba siku ya kwanza ya kuzidisha ini haliumi. Kichefuchefu kidogo tu. Dawa ya kuokoa ini ipo hospitalini na hufanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8, kwa hiyo aliyezidisha asisubiri macho yawe manjano.

*Anayefaa kuitumia.* Karibu kila mtu mwenye homa isiyojulikana jina, wajawazito wakiwemo. Haimfai mwenye ini bovu bila daktari, wala haimtoshi mwenye maumivu ya viungo vilivyovimba.

Ibuprofeni (brufeni)

*Inachofanya.* Homa, maumivu na uvimbe, vyote vitatu. Ilitengenezwa Nottingham, Uingereza, na timu ya Stewart Adams katika kampuni ya Boots, ikaanza kuuzwa 1969 kwa jina la Brufen. Ndiyo maana madukani kwetu jina la kibiashara limegeuka kuwa jina la dawa.

*Kuhusu virusi.* Kwa UVIKO, nimeshaeleza: takwimu hazikuunga mkono hofu ile. Kwa chikungunya ni rafiki mkubwa, kwa kuwa maumivu ya viungo yanaweza kukaa wiki au miezi baada ya homa kuondoka. Kwa dengi, hapana. Na kwa mtoto mwenye tetekuwanga, hapana pia. Imehusishwa na maambukizi mabaya ya ngozi.

Kuna hoja nyingine ambayo watu huichukulia kwa wepesi: kwa kushusha homa na uvimbe kwa pamoja inaweza kuficha dalili za ugonjwa unaozidi. Mtu anajiona nafuu, anarudi kazini, kumbe nimonia inaendelea kifuani. Hata parasetamoli huficha homa, lakini haifichi uvimbe.

*Inapodhuru.* Tumbo (vidonda na kutoka damu), figo kwa namna niliyoieleza, presha kupanda, na kwa baadhi ya wenye pumu kifua kubana. Mjamzito aliyefika wiki ya 20 aiache, maana inaweza kugusa figo za mtoto tumboni. Bila cheti cha daktari kiwango cha mtu mzima ni miligramu 200 hadi 400 mara tatu kwa siku, isizidi 1,200, na inywewe baada ya kula. "Baada ya kula" siyo adabu tu ya muuzaji, ni tumbo lako.

*Anayefaa kuitumia.* Mtu asiye mzee sana, anayekula na kunywa, asiye na vidonda vya tumbo wala tatizo la figo au moyo, na ambaye dengi imeshaondolewa kwenye orodha. Na mwenye ugonjwa wa viungo aliyeizoea, hata janga likiwepo.

Diklofenaki (diklo)

Hii ndiyo kipenzi cha Afrika Mashariki. Fundi aliyeumia mgongo, dereva wa bodaboda, bibi wa shamba: diklo. Najua kwa nini. Inafanya kazi haraka na bei yake haimkimbizi mtu.

*Inachofanya.* Kama ibuprofeni, na kwa maumivu makali wengi huiona ina nguvu zaidi.

*Kuhusu virusi.* Ni jamii moja na ibuprofeni na takwimu za UVIKO zilizihesabu pamoja. Kwa dengi imekatazwa vilevile, na kwa sindano mara mbili: sindano ya takoni kwa mtu ambaye damu yake haigandi inaacha donge la damu ndani ya msuli. Hata bila dengi, ikikosewa mahali hugusa mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, mtu akatoka zahanati anachechemea. Ukiweza kumeza, kidonge kinatosha.

*Inapodhuru.* Kote inapodhuru ibuprofeni, ukiongeza moyo. Mwaka 2013 Shirika la Dawa la Ulaya lilisema wenye moyo kushindwa kazi, waliowahi kupata kiharusi au mshtuko wa moyo na wenye mishipa iliyoziba wasiitumie. Orodha ya Dawa Muhimu ya WHO ina ibuprofeni, diklofenaki haimo. Kuhusu figo, kuna kisa ambacho hunijia kila nikiona kopo lake. Huko India wafugaji waliwapa ng'ombe diklofenaki, na tumbusi waliokula mizoga ya ng'ombe hao wakafa kwa figo kufeli. Walikufa kwa mamilioni, hadi serikali ikapiga marufuku dawa hiyo kwa mifugo mwaka 2006. Binadamu si tumbusi, figo zetu zinaihimili vizuri zaidi. Lakini unapata picha ya mahali inapogonga.

*Anayefaa kuitumia.* Kijana mwenye maumivu ya msuli au kiungo, bila homa, kwa siku chache. Jeli ya kupaka huingia kidogo sana kwenye damu, na kwa goti moja au kifundo ni chaguo ambalo watu wangelitumia zaidi kama lingekuwa rahisi kupatikana.

Aspirini

*Inachofanya.* Homa, maumivu, uvimbe, na zaidi ya zote huzifunga chembe sahani kwa maisha yao yote, yaani siku 7 hadi 10. Kidonge kimoja cha leo bado kinaonekana kwenye damu wiki ijayo.

*Kuhusu virusi.* Katika janga la mafua la 1918 madaktari walitoa aspirini kwa viwango ambavyo leo vinaitwa sumu, gramu 8 hadi 31 kwa siku. Mwaka 2009 daktari wa Marekani, Karen Starko, alitoa hoja kwamba baadhi ya vifo vile vya mapafu kujaa maji vilichangiwa na dawa yenyewe. Katika UVIKO ilijaribiwa upande wa pili: je, ingeokoa kwa kuzuia damu kuganda? Jaribio la RECOVERY la Uingereza, lenye wagonjwa karibu 15,000, lilikuta asilimia 17 walikufa kwa waliopewa na asilimia 17 kwa wasiopewa. Kwa dengi ni mbaya kuliko zote nilizozitaja.

*Inapodhuru.* Tumbo na damu. Kwa watoto wenye mafua au tetekuwanga huhusishwa na ugonjwa wa Reye, unaoshambulia ubongo na ini. Mtoto chini ya miaka 16 asipewe kabisa. Nalisisitiza hili kwa sababu baadhi ya vidonge vya maumivu vya dukani ni mchanganyiko wa aspirini, parasetamoli na kafeini, na jina kubwa la mbele halisemi. Geuza pakiti.

*Anayefaa kuitumia.* Siku hizi, hasa mgonjwa wa moyo au kiharusi anayemeza dozi ndogo kwa amri ya daktari. Huyo asiiache kwa kusikia habari za janga. Akipata homa wakati wa dengi, aende akaulize.

Steroidi: deksamethasoni na prednisoloni

Hizi si dawa za maumivu, ni za kutuliza kinga ya mwili, ila huingia kwenye bahasha za kaki, kwa hiyo siwezi kuziruka.

Juni 16, 2020, RECOVERY ilitangaza kwamba deksamethasoni miligramu 6 kwa siku ilipunguza vifo kwa theluthi moja kati ya wagonjwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano kati ya waliohitaji oksijeni. Hiyo ndiyo nusu ya habari iliyosambaa. Nusu ya pili: kwa waliolazwa lakini wasiohitaji oksijeni haikuwa na faida, na vifo vilikuwa 17.8 kwa mia waliopewa dhidi ya 14.0 wasiopewa. Mwanzoni mwa ugonjwa mwili unahitaji askari wake wapigane, steroidi huwalaza. Wanapoanza kubomoa mapafu yenyewe, ndipo kuwalaza kunaokoa. Dawa ileile, wiki tofauti. Zaidi ya hapo hupandisha sukari, na India mwaka 2021 ilishuhudia kuvu nyeusi ikila nyuso za wagonjwa wa UVIKO, wengi wao wenye kisukari na waliopewa steroidi. Anayefaa kuitumia ni mgonjwa aliye kwenye oksijeni chini ya uangalizi, au aliyekwisha kuandikiwa kwa pumu au ugonjwa mwingine. Huyo wa pili asikatishe ghafla.

Ukiwa katika hali hii

Homa imeanza leo, hujapimwa chochote, na mtaani kunasemwa korona na dengi kwa pamoja: anza na parasetamoli peke yake, kunywa maji, kapime malaria na dengi. Mwambie muuzaji asichanganye. Kama dengi inashukiwa, dawa za jamii ya brufeni zisubiri hadi homa ikae chini angalau saa 48 bila dawa na pasiwe na dalili za hatari. Na hapa kuna mtego: dengi hubadilika kuwa mbaya homa *inaposhuka*, siku ya 3 hadi ya 7. Tumbo kuuma sana, kutapika kusikokoma, fizi kutoka damu, mtu kuhangaika au kulegea: hospitali, hata kama paji la uso ni baridi.

UVIKO umethibitishwa, wewe ni kijana mzima, parasetamoli haijatosha: ibuprofeni kwa siku chache, baada ya kula, haina sababu ya kukutisha. Ukiwa na kile kifaa cha kidoleni na oksijeni ikawa chini ya 94, usifikirie tena habari ya vidonge.

Una presha, kisukari, figo au umri umekwenda: parasetamoli ndani ya kipimo. Mimi nisingemeza diklo katika hali hiyo hata kwa siku moja nikiwa na homa na kuharisha.

Chikungunya, homa imepita, vidole havikunjiki: sasa brufeni ina kazi yake, na muulize daktari kuhusu kinga ya tumbo kama itakuwa ya wiki nyingi.

Mtoto ana homa: parasetamoli ya maji kwa uzito, miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo, isizidi mara nne kwa siku. Ya chupa nyingi ni miligramu 120 kwa mililita 5, hivyo mtoto wa kilo 10 anapata kama mililita 5. Pima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Vijiko vya chai vya nyumbani havilingani, vingine vinabeba mililita 3, vingine 7.

Na mwenye baridi yabisi anayeishi kwa dawa hizi, aendelee nazo janga likiwepo, azipumzishe anapopata homa mpaka ajue ni homa ya nini. Mama mkubwa, ambaye presha yake iko sawa na tumbo halijawahi kumsumbua, amerudi kwenye brufeni yake, kimoja baada ya chai nzito ya asubuhi. Ubavuni mwa kopo amebandika kipande cha plasta na kuandika kwa kalamu ya buluu: SI SIKU YA HOMA.